Gervas Osward Lyamba, Fundi wa Kabureta wa Ilembo, 1966–1997

Ndugu waombolezaji, Jumanne ya tarehe 4 Novemba 1997, kama saa kumi alasiri, Bi Scolastica, mama mzazi wa marehemu, alikuwa uani kwake Kakese akipukuchua mahindi ya mbegu, maana wingu lilikwishafunga upande wa Ugalla na shamba lilikuwa halijapandwa hata mstari mmoja, ndipo jirani yake, Mzee Manyanda, alipofika na baiskeli akitokea mjini, hakukaa wala hakuomba maji, akamwambia kwamba kibanda cha Gervas kimewaka moto na Gervas mwenyewe amekimbizwa hospitali. Mama alifunika mahindi kwa turubai kwa sababu kuku wasingemngoja, akajifunga kanga ya pili, akapanda nyuma ya baiskeli.

Huyo Gervas ndiye tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba. Alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 hapa Kakese, wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Osward Lyamba na Bi Scolastica, na wawili kati ya hao watano walitangulia wangali wadogo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akamaliza darasa la saba akiwa wa tatu, lakini jina lake la kwenda sekondari halikurudi, na mama yake, ambaye yeye alipata kukaa kwenye dawati la sekondari, alilipokea jambo hilo vibaya kuliko mtoto mwenyewe.

Mwaka 1981 alipokelewa katika gereji ya misheni, akaanza kwa kuosha vyuma, akawa chini ya Bruda Séverin, mzee mkali aliyekuwa akitunza pikipiki za Kiingereza zilizoletwa kabla ya uhuru, ambazo spea zake zilikuwa hazipatikani tena hata Tabora. Ugonjwa mkubwa wa pikipiki hizo ni kuvuja petroli. Ndani ya kabureta kuna kiboya cha shaba, kidogo kama yai la kanga, ambacho huelea na kuziba njia petroli ikishatosha, na kikitoboka hujaa petroli, huzama, na tangu hapo pikipiki inamwaga mafuta usiku na mchana. Wengine walikitupa wakapachika cha pikipiki nyingine, nayo ikaendelea kuvuja. Gervas alikitumbukiza kwenye maji ya moto, akatazama vipovu vinatokea wapi, akakitoboa hapo, akamwaga petroli iliyojificha ndani, akakichemsha kwenye sufuria mpaka pua isisikie harufu, akakilaza mpaka kesho yake, akakinusa tena, ndipo akachoma lehemu. Bruda Séverin alimfundisha kwamba kiboya chenye harufu ni bomu, na Gervas hakuwahi kuchoma lehemu siku ileile.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika gereji ya shirika moja la umma mjini Mpanda, akafanya kazi miaka saba, na tarehe 30 Juni 1992 akapunguzwa pamoja na wenzake kumi na mmoja, akapewa barua na kushikwa mkono. Mwezi uliofuata alijenga kibanda chake Ilembo, watu wakamwita Fundi Kesho kwa ajili ya kulaza viboya, na wapo waliopita wakisema, "Nyie mwachieni Kesho pikipiki yenu, mtaikuta kaburini," nao haohao walirudi wakizisukuma kwa miguu kutoka kwa mafundi wa leoleo.

Tarehe 14 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Agape, na Mungu akawajalia watoto watatu, Immaculata mwaka 1990, Nashon mwaka 1993, na Monika mwaka 1996. Alikuwa baba wa kawaida. Alikunywa pombe Jumapili, mama yake hakatai, lakini kazini hakunywa, na sigara hakuvuta kamwe.

Siku hiyo ya tarehe 4, asubuhi, alifika kibandani mjomba wake Bartolomeo, mdogo wake Bi Scolastica, mnunuzi wa asali, na pikipiki yake, mojawapo ya zile za misheni, ikitiririsha petroli. Gervas alikuta kiboya kimetoboka, akakifungua, akamwaga kilichokuwamo, akasema kesho. Bartolomeo akasema asali inamngoja Ugalla, mvua ikinyesha njia inafungwa mpaka mwakani, na kwamba yeye ndiye aliyembeba huyo fundi mgongoni alipokuwa mtoto, leo anaambiwa kesho kama mteja wa barabarani. Gervas alikubali kichemshwe mara mbili badala ya kulazwa, akamwachia sufuria na jiko, akaenda dukani kutafuta lehemu. Aliporudi, mjomba alimwambia kiboya kimechemka saa nzima. Kilipoguswa na chuma cha moto kilipasuka, moto ukarukia debe lililokuwa linakinga matone chini ya pikipiki, na Gervas akaungua uso, kifua na mikono yote miwili. Bartolomeo alikuwa mlangoni, akatoka mzima, na waliofika kuzima moto aliwaambia hajui ulianzaje.

Marehemu alilazwa siku tisa. Siku ya tatu alimwambia mama yake, "Mama, mjomba alisema kakichemsha. Sikukinusa, nikaona nitakuwa namdharau." Hakulisema tena. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja.

Kabla hata maiti haijafika nyumbani, Ilembo nzima ilikuwa inasema fundi alikuwa amelewa na alikuwa anavuta sigara juu ya petroli, na Immaculata alirudi kutoka shuleni akiwa ameambiwa hivyo na wenzake. Wazee wa ukoo waliomba historia hii iandike ajali tu na kuishia hapo, ili ndugu wasigombane juu ya kaburi. Mama aliwasikiliza, akawaambia kwamba mtoto huyo ndiye atakayeishi na maneno hayo, si wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu bila kuchoka hata dawa zilipokwisha, majirani wa Kakese na Ilembo, hasa Mzee Manyanda kwa baiskeli yake, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza wenyewe, na katekista wetu.

Jana jioni, ugali na maharage vilipokwisha kuivishwa, Bi Scolastica alihesabu watu wa ukoo ili sahani zitoshe, akapata kumi na tisa, na hakukosekana mtu. Kabla ya kupakua alisimama na mwiko mkononi, akamuuliza mdogo wake mbele ya wote, "Bartolomeo, ulikichemsha?"

Bartolomeo akajibu, "Nilikichovya tu, dada. Maji yalikuwa hayajapata moto. Nilikuwa nawahi asali."

Aliomba maneno hayo yasisomwe leo, na mama akamwambia yatasomwa. Agape aliinuka na Monika mgongoni, akatoka nje, akarudi baada ya muda, akaketi palepale pake. Hakuna aliyefukuzwa. Mama alipakua sahani kumi na tisa, ya Bartolomeo akampelekea mwenyewe, akamwekea mbele yake na maji ya kunawa, kisha akaketi karibu na Immaculata, na watu wakala.

Gervas, mwana wa kwanza wa Osward, mwanangu mimi Scolastica niliyeyaandika haya, lala sasa, upumzike kwa amani.