Kuta Mbili za Mwalimu Chokaa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha historia ya ujenzi katika chuo chetu, Mwalimu Chokaa anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya suruali zake zisizokosa vumbi la chokaa, na hata mkewe hulitumia akipiga simu ofisini. Mimi, mwalimu wa michoro na jirani yake wa ofisi, nimeombwa niandike wasifu wake. Kusema kweli sijui nianzie wapi, maana wiki hizi za mwisho ametuacha sote njia panda.

Alikuja kijana mwembamba mwenye imani moja: jengo halieleweki mpaka mikono ichafuke. Darasa lake lilikuwa uani. Wanafunzi walianza kwa kufunga fito na kukandika udongo. Kisha walichoma chokaa, wakajenga kwa mawe, wakainua matao na makuba, ndipo wakaruhusiwa kugusa nondo na zege. Alisema kila mtindo ulizaliwa na shida: huku mbao ni haba, kule jua ni kali. Tao moja walilijenga kwa mawe matupu, bila chokaa hata kidogo. Mkuu wa chuo wa wakati huo akapanda juu yake kuonyesha kwamba anawaamini. Tao halikutikisika, ila Mkuu aligoma kushuka, tukahangaika kutafuta ngazi.

Sasa habari ya kuta. Uani kwetu kuna kuta mbili ndefu zinazotazamana. Mmoja ni wa kale, masalia pekee ya jumba lililokuwapo kabla ya chuo. Wa pili aliujenga Mwalimu Chokaa na wanafunzi wake wa mwanzo kwa kuuiga ule wa kale: mawe yaleyale yaliyoporomoka, chokaa iliyochomwa vilevile, hata pale ulipopinda naye akapinda. Aliyetaka kuchora jina au mwaka alikatazwa, eti mafundi wa zamani hawakuwa na mambo hayo. Mvua nazo zikafanya kazi yake.

Mwaka huu chuo kinataka karakana mpya, na ramani ilidai ukuta wa kuiga ubomolewe. Mkuu wa sasa akampa Mwalimu kopo la rangi nyekundu akautie alama ukuta wake. Alikwenda asubuhi, akarudi adhuhuri, brashi kavu. "Mkuu," alisema, "siujui. Nimejichanganya mwenyewe." Tulicheka, tukidhani ni utani wake wa kila siku.

Haukuwa utani. Alikumbuka kwamba ukuta wake ulikuwa kushoto ukiingia langoni, lakini lango limehamishwa mara mbili tangu hapo, na lilikoanzia kila mtu ana lake. Picha ya siku ya kumaliza ipo. Wanafunzi wamejipanga mbele ya ukuta wakauziba wote. Chuo kiliita wataalamu wawili: wa kwanza alisema wa kale ni ule wa upande wa jikoni, kwa sababu ya nyufa zake. Wa pili alisema ni ule mwingine, kwa sababu hiyohiyo. Mkewe alipoulizwa alijibu, "Mimi nilikuwa namwona baba watoto anarudi mweupe pe! Ukuta gani, sikuuliza."

Mwalimu alikonda. Alishinda uani akipapasa mawe kwa kiganja, upande huu, upande ule. Aliogopa kwamba akikosea, kazi yake ya mwisho itakuwa kuangusha kitu alichowafundisha watu kukilinda. Nami sikujua nimpe pole au hongera, kwa kuwa kosa lenyewe ni ustadi wake. Mpaka leo sijui.

Wiki iliyopita aliingia ofisini kwangu, akachukua kalamu yangu bila kuomba, akainamia ramani. Hakufuta ukuta wowote. Alitandaza paa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, karakana ikakaa katikati. Mkuu aliitazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akakubali.

Sherehe ya kumuaga itakuwa hapohapo uani. Kamati ilipenda kiti chake kiegemezwe kwenye ukuta alioujenga, ubishi ukazuka upya, basi kitawekwa katikati.

Asante, Mwalimu, kwa kila mkono uliouchafua. Tunakutakia pumziko jema, wewe na mama watoto. Siku ukipita kutusalimia, egemea ukuta wowote, uko kwako.