Kiti cha Plastiki cha Maman Virginie

Umoja wa Motari Tufike Salama wa Nyalukemba unawatangazia wanachama wote waendesha pikipiki, abiria, majirani na yeyote apitaye barabarani habari nzito ifuatayo: kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, ambacho kimekaa mbele ya mlango wa ofisi yetu kwa miaka minane, kitakuwa wazi kuanzia Jumatatu tarehe 1 Julai 2024, saa kumi na mbili asubuhi. Maombi ya kukikalia hayapokelewi. Mwenye swali kuhusu mguu uliovunjika amwone katibu, kwa kuwa ndiye aliyeuvunja kwa uzito wake.

Katibu huyo ni mimi, Thierry. Nilikaa dakika moja tu.

Kiti kinabaki wazi kwa sababu Maman Virginie Nsimire anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka kumi na tisa katika brigedi yetu ya nidhamu: kumi na mmoja akiwa kwenye kizuizi cha barabarani, na minane akiwa kwenye kiti. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Wametaka ukurasa mmoja wa kutiwa ndani yake, wenye furaha, usio na siasa. Nitajitahidi. Lakini wageni wetu wajue desturi ya nyumba hii kabla hatujaendelea. Kwetu mtu akistaafu na faili safi, jile yake, ile fulana ya manjano yenye namba mgongoni, hufuliwa, hupigwa pasi, hukunjwa vizuri, naye huenda nayo nyumbani. Mwenye barua ya lawama ndani ya faili huirudisha stoo. Maman Virginie ana barua moja ya lawama. Tazameni kipengele cha sita cha programu: "Kurudisha jile namba 3." Nilikichapa mwenyewe, kwa vidole vyangu viwili. Tutakirudia.

Mwaka 2005 Maman Virginie alikuwa mama wa sokoni, akiuza mchele wa Luberizi kwa kopo. Siku moja alipanda pikipiki ya kijana mmoja aliyekwenda kama anayekimbizwa na nyuki, kichwa wazi, kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, ikining'inia kwenye kiwiko. Maman alishuka, akalipa, akamshika sikio, akamleta hivyo hivyo hadi ofisini kwetu, na mfuko wa mchele kichwani. Alimwuliza kijana mbele ya kamati nzima: "Ubongo yako iko mu mukono? Basi sawa, umeichunga muzuri!" Rais wetu wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani. Maman alikuja kulalamika, akarudi nyumbani na filimbi. Ndivyo tulivyompata mwanamke wa kwanza katika brigedi.

Mimi nilikuwa nimeanza miezi sita kabla yake. Filimbi yangu nilipoipuliza, motari walidhani ni ndege. Yeye hakuwa na haja ya kupuliza. Alisimama tu kando ya kamba yetu ya kizuizi, mikono kiunoni, na vijana walianza kufunga breki kutoka mbali, wengine wakitafuta kwa macho njia ya kuteremkia ziwani.

Polisi wana sheria yao na faini zao. Sisi ni chama tu, hatuna haki ya kumshika mtu wala kumnyang'anya ufunguo, na Maman hakuwahi kutaka haki hiyo. Alikuwa na Rozi. Rozi ni kaske ya rangi ya waridi, imara kabisa, ambayo Maman aliichora maua meupe kwa rangi iliyobaki ya mlango wa parokia. Kijana aliyekamatwa kichwa wazi hakufukuzwa wala kutukanwa. Alivalishwa Rozi, akafungwa mkanda chini ya kidevu kama mtoto wa shule ya awali, akaambiwa aendelee na kazi. Alibaki nayo hadi apate yake. Na Rozi hairudishwi na kijana mwenyewe: inarudishwa na mama yake, au bibi yake, au mchumba kama yupo.

"Maman, hii iko kaske ya bibi arusi!" kijana mmoja alilia.

"Ndiyo," Maman akajibu, "na leo bibi arusi iko weye. Enda, abiria wanakungojea."

Wenzake walimpigia honi mji mzima. Kesho yake, saa moja asubuhi, mama yake alikuwa kwenye kamba akiwa na Rozi iliyofutwa vumbi, na kijana nyuma yake akiwa na kaske nyeusi mpya, kichwa chini. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona kijana aliyevaa Rozi mara tatu.

Yupo mmoja aliyejaribu kukwepa kwa akili. Ezéchiel, ambaye leo ni mwanakamati wetu wa heshima, alitoka Luhwindja, kwenye dhahabu, na pesa za kununulia pikipiki na kofia ya mchimba madini kichwani, taa ikiwa bado mbele. Akasema kaske ni kaske. Maman akamwomba atikise kichwa kidogo tu, kama anayekataa chakula. Kofia ikaruka ikaingia mtaroni. Maman akamwambia kwa upole: "Papa, ile iko kofia ya jiwe yenye kuanguka toka juu. Huku barabarani, mwenye kuanguka iko weye." Ezéchiel ameniruhusu kuandika haya. Amesema tu niongeze kwamba taa ilikuwa inawaka vizuri.

Ni yeye pia, Maman, aliyegundua kwamba vijana wengi hawakuwa wakaidi, kaske ziliwalegea. Zote sokoni zilikuwa za vichwa vya watu wazima. Alikwenda dukani kwa Mzee Yunus, ambaye familia yake imeuza vipuri tangu Uvira, akakaa kwenye gunia siku mbili mfululizo, akiwapima wateja vichwa kwa utepe wa fundi cherehani, mpaka Mzee Yunus akaagiza saizi ndogo ili tu apate nafasi ya kupita ndani ya duka lake. Na abiria wa kike waliokataa kaske kwa sababu ya nywele, na kwa sababu ya jasho la wengine? Aliwashonea vitambaa vya kitenge vya kuvaa chini ya kaske, akavifua kila Jumamosi na kuvianika kwenye kamba ile ile ya kizuizi. Kuna mgeni aliyefikiri tunafunga barabara kwa ajili ya kukausha nguo. Nilimwambia ndiyo. Nilikuwa nimechoka.

Kuhusu miaka minane ya kiti, ninyi vijana mnajua zaidi yangu. Kila motari hupita ofisini asubuhi kusaini, na hakuna aliyesaini kabla mkono wa Maman haujavuta mkanda chini ya kidevu chake kuona kama umeshika. Hata wasio wanachama wamekuwa wakisimama. Mwanangu Parfait, mwalimu wa hesabu, hana haja yoyote na ofisi yetu, lakini kila asubuhi akielekea shuleni hufunga breki mbele ya kiti, huinua kidevu, huvutwa mkanda, huondoka. Nilikuwa nikidhani ni kwa sababu ya karanga zake Maman. Anazikaanga vizuri.

Mmeambiwa Maman alipewa kiti kwa sababu ya goti. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi wenu hivyo. Goti lake linauma kweli, lakini lilianza kuuma baadaye. Sasa naandika kilichotokea. Kamati itausoma ukurasa huu pamoja nanyi, maana mwenye kupeleka karatasi kwa mpiga chapa ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2016, alasiri matokeo ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka. Mnajua siku ile ilivyo mjini kwetu: aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani hadi afanane na mkate kabla haujaingia tanuri, kisha hupanda pikipiki na kuzunguka mitaa akipiga kelele, ili kila mtu aione poda. Na kaske huificha poda. Kwa hiyo siku ile ilikuwa ngumu kwetu kuliko zote, na Maman alikuwa ametuonya tangu asubuhi: kamba isishuke kwa kichwa cheupe.

Parfait alipata asilimia sitini na nane. Alikuwa na miaka kumi na nane. Alikuja kwenye kamba juu ya pikipiki yangu, akicheka, akiwa na poda kidogo tu kwenye paji, na mimi, mlinzi wa sheria, nikachukua kopo la poda mkononi mwa rafiki yake nikalimimina lote kichwani pake. Maman alikuwa ng'ambo ya barabara akipokea Rozi kutoka kwa mama wa mtu. Alituona. Akapaza sauti: "Thierry! Umuvalishe Rozi!" Kaske ilikuwa mkononi mwake, hatua ishirini kutoka kwetu.

Nikatazama maua yale meupe. Nikatazama mwanangu, wa kwanza katika ukoo wetu kupata diploma. Nikajibu: "Leo tu, maman. Leo iko siku yake." Nikashusha kamba.

Alianguka kwenye kona ya chini, akimkwepa mtu wa mkokoteni. Kichwa kiligonga jiwe la ukingo. Siku kumi na mbili hakufumbua macho, na sikio lake la kushoto halijasikia tangu siku ile.

Kamati ilikaa siku ya tatu. Waliuliza swali moja: nani alishusha kamba? Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Maman Virginie akasimama. Alisema: "Mimi ndiye mukubwa wa poste ya kamba. Muandike mimi." Hawakuuliza zaidi. Wakaandika barua, wakamtoa barabarani kwa mwaka mmoja, wakampa kiti mlangoni. Mwaka ulipokwisha alikuwa ameshaifanya ile kuwa kazi, na mtu mwingine alikuwa ameshachukua kizuizi chake.

Nje ya mlango, siku ile ya tatu, nilimfuata nikamwambia nitarudi ndani niseme. Alinishika mkono. "Mutoto ataamuka, Thierry. Siku ile ataamuka, atatafuta baba yake. Hapana mutu mwenye kuulizwa-ulizwa na batu. Utasema siku moja. Leo hapana."

Siku moja. Nilingoja Parfait apone, akapona. Nilingoja aanze chuo, akaanza. Nilingoja apate kazi. Kila mwaka nilipata sababu nzuri ya kungoja, na kila asubuhi nilipita mbele ya kiti nikaambiwa "Bonjour, katibu" kwa sauti ile ile. Kisha wiki mbili zilizopita nilikaa kuchapa kipengele cha sita, na vidole viwili vikakawia sana kufika mwisho wa mstari.

Jumapili baada ya misa nilimwita Parfait nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alinigeuzia sikio lake zima, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Papa, mi nilikuwaka najua. Kitu ya mwisho nakumbuka ni mukono yako na ile poda."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kamwe.

"Niliona Maman Virginie anakuchunga," akasema. "Basi na mi nikamusaidia."

Kumbe ndiyo sababu ya breki za kila asubuhi. Hazikuwa karanga.

Basi, ndugu wanakamati, hivi ndivyo ilivyokuwa. Barua iliyo katika faili ya Virginie Nsimire ni yangu. Leo asubuhi nimeandika barua nyingine yenye jina sahihi na kuiweka juu ya meza ya rais, pamoja na sahihi ya Parfait kama shahidi. Kipengele cha sita nimekifuta kwa kalamu katika programu zote mia moja na ishirini. Mkiona mstari mweusi, si kosa la mpiga chapa. Jile namba 3 imefuliwa na mke wangu, imepigwa pasi, imekunjwa. Jile namba 7, yangu, iko stoo tayari, ingawa nimebakiza miaka minne ya kazi. Nitaifanya bila jile.

Maman Virginie, asante kwa vichwa vyote vya mji huu ulivyovifunga mkanda, na kwa kimoja nilichokiacha wazi. Uende polepole, goti lipumzike, mchele wa Luberizi usikupungukie, na wajukuu wakutii kuliko sisi. Parfait ameomba ruhusa shuleni. Yeye ndiye atakayekurudisha nyumbani kwa pikipiki baada ya sherehe. Rozi ataivaa yeye.

Na Jumatatu asubuhi, yeyote anayetaka kusaini, aje kwanza mbele ya kiti cha buluu ainue kidevu. Nitakuwa nimekikalia mimi. Hicho kiti kilikuwa changu tangu mwanzo.