Maswali Manne na Mbwa Mmoja

Asubuhi hiyo benchini walikuwapo hawa. Laurian Ndizeye, karani mstaafu wa chama cha ushirika, aitwaye Cheti. Gozbert Niyomugabo, fundi baiskeli, aitwaye Waziri kwa kuwa hakuna wizara asiyoisemea. Renatus Bizimana, mfyatua matofali, aitwaye Tofali, mguu wake wa kushoto ameunyoosha mbele kama mtu anayeuza mguu, umefungwa kwa kipande cha khanga ya mkewe. Na Bonifasia, mwenye birika, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu. Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi juu ya mawe mawili, hapa Nyamiaga, kando ya barabara ya kwenda Ngara mjini, mbele ya banda la Gozbert.

Renatus alikuwa ameumwa na mbwa jana yake jioni.

— Natoka tanurini, natembea zangu, alisimulia. Mbwa mwekundu, kamba ya bluu shingoni. Hata hakubweka. Kanidaka, kaniachia, kaenda zake.

— Asiyebweka ana adabu, akasema Gozbert. Mimi naogopa wale wenye maneno mengi.

— Kama wewe, akasema Bonifasia, akimimina kahawa.

Shida haikuwa mbwa. Shida ilikuwa simu. Ndani ya simu ya Renatus zilikuwamo habari mbili zilizogombana, naye alitaka benchi liamue ipi ni ya kweli. Laurian alimtazama kwa pembe ya jicho akamwelewa mara moja: huyu anaogopa sindano tangu darasa la kwanza, na amekuja kutafuta watu wa kumwambia asiende hospitali.

— Soma ujumbe wa kwanza, Laurian aliamuru.

— Umetoka kwa Domisiana, yule nesi. Anasema: "Kaka Renatus, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima. Halafu njoo hospitali leo leo uchomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri dalili, zikianza hakuna dawa."

— Basi?

— Basi.

— Hata pole hakuna! Gozbert alishangaa. Huyo anaandikia mtu au anaandikia ng'ombe? Wa pili?

Wa pili ulikuwa video. Mtu mwenye koti jeupe, mpira wa kusikilizia moyo shingoni, nyuma yake kabati la vitabu. Alisema kwa sauti nzito kwamba maji huamsha sumu, kwamba kidonda kipakwe majivu ya maganda ya ndizi na pilipili kichaa, kifungwe siku saba, na kwamba sindano ni biashara ya watu.

— Na wewe umeshapaka? Bonifasia aliuliza.

— Jana ile ile.

— Inawasha?

— Dada, inawasha mpaka kwenye meno.

— Ndiyo inafanya kazi hiyo, Gozbert alisema.

Hapo macho yote yakamgeukia Laurian. Mwaka jana alihudhuria semina ya siku mbili mjini, ya kupima habari za mtandaoni, akarudi na cheti alichokifunika kwa nailoni ili mvua isikiharibu. Alikitoa kotini, akakiweka magotini. Hakukisoma. Kilitosha kuonekana.

— Maswali ni manne, alisema. La kwanza: nani amesema?

— Wa video ni Profesa Daktari Mtaalamu, Renatus alisoma chini ya picha. Vyeo vitatu.

— Na yule mwingine ni Domisiana, Gozbert alidakia. Domisiana binti wa Speciose! Namjua tangu anachunga mbuzi, tena mbuzi wenyewe walikuwa wanampotea. Video, moja bila.

— La pili: amesema lini?

— Video ina miaka mitatu. Nesi kaandika leo saa moja.

— Habari ya saa moja bado mbichi, Gozbert alitoa hukumu. Mbili bila.

— La tatu: ushahidi uko wapi?

Renatus aliigeuza simu wote waone. Mwisho wa video palikuwa na mguu wa mtu, umepona, unang'aa kwa mafuta. Nesi hakuweka hata picha ya kidole.

— Tatu bila.

— La nne: nani mwingine amesema hivyo?

— Hapa sasa! Gozbert alisimama kabisa. Tazama juu ya video, mishale miwili. "Imesambazwa mara nyingi." Kwenye baraza la ardhi, ukileta mashahidi watatu unapewa shamba. Huyu ana mashahidi nchi nzima! Domisiana yuko peke yake kama kichuguu.

Nne bila. Laurian alihisi hesabu imeteleza mahali fulani, kama zamani alipojumlisha magunia ya kahawa jioni na kupata mengi kuliko yaliyokuwamo ghalani. Alikumbuka kwamba mkufunzi alikuwa na jambo zito la kusema juu ya mishale ile miwili. Alikuwa ameinua kidole kabisa. Ndipo pilau likaingia. Lakini mwenye cheti hawezi kusimama mbele ya watu na kusema kwamba alikuwa kwenye foleni ya sahani. Akakirudisha cheti kotini, akanywa kahawa.

— Kwa hiyo siendi, Renatus alisema, na uso ukamlainika.

— Uende wapi? Gozbert aliitikia. Zile sindano ni arobaini, tena za kitovuni. Shemeji yangu kule Biharamulo alichomwa. Akinywa maji yanamtoka kwa mbele kama bomba la bustani.

— Shemeji yako yupi? Bonifasia aliuliza.

— Mmoja wa mashemeji. Halafu dawa yenyewe inatengenezwa kwa mbwa. Damu ya mbwa ikizidi ya mtu, ukisikia pikipiki unaikimbiza.

— Mke wangu ataona nimechangamka, Renatus alisema.

— Cheka tu. Siku hizi wanaweka na kidude kinachoonyesha uko wapi. Ukipita kwa yule mama muuza pombe ya rubisi, simu ya mkeo inalia.

— Hiyo nawachanjia wanaume wote wa kata hii kwa mkono wangu, alisema Bonifasia.

Walikuwa bado wanacheka, pikipiki ikasimama. Mtu wa makamo alishuka. Nyuma ya kiti alifunga jembe na sepetu, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.

— Shikamoo mzee. Habari zenu.

— Marahaba, Laurian aliitikia. Wewe ni nani, na wa wapi?

— Habonimana, wa Keza. Nauliza njia nzima. Kuna mbwa mwekundu, ana kamba ya bluu shingoni. Yuko wapi?

Renatus aliuvuta mguu nyuma. Walikuwa wamempima profesa, nesi, mishale na mashemeji wa Biharamulo. Mbwa hakuna aliyemuuliza.

— Unamtakia nini? Laurian aliuliza.

— Miezi miwili iliyopita mbwa koko alipita kwetu. Alimuuma mwenye huyu mbwa, na mbwa wake siku hiyo hiyo. Mwenyewe akapaka majivu na pilipili. Alionyeshwa kwenye simu.

— Ikawaje? sauti ya Renatus ilikuwa ndogo.

— Kidonda kilipona vizuri kabisa. Hata ungekipiga picha. Wiki iliyopita akaanza kupiga kelele akiona kikombe cha maji. Mbwa naye akabadilika, akakata kamba, akapotea.

Laurian aliweka kikombe chini. Safari hii hakugusa cheti.

— Jina lake kamili?

— Matiasi Manirakiza.

— Lini?

— Jumapili.

— Umejuaje?

— Mzee, nimechimba kaburi.

— Na nani mwingine anasema?

— Keza nzima. Wako msibani mpaka sasa.

Bonifasia hakungoja hukumu. Aliikata ile khanga kwa kisu, akachukua sabuni ya kufulia, akainua dumu la maji ya kahawa ya siku nzima na kuanza kuyamwaga juu ya mguu. Renatus alilia kama mtoto, pilipili na majivu vikashuka kwa rangi ya tope. Gozbert alishika mguu bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Laurian alihesabu kwa saa yake ya mkononi dakika kumi na tano kamili, kisha akampigia simu Domisiana, akamwita "Muuguzi Domisiana", akamwambia mgonjwa yuko njiani.

Habonimana alifungua jembe na sepetu, akaviegemeza bandani, akampakia Renatus. Birika lilibaki jikoni tupu.

— Mwandikeni mtu huyo vizuri, Renatus alisema akiwa tayari juu ya pikipiki. Nitataka kumwombea misa.

Laurian alitoa kalamu na kuandika nyuma ya cheti, juu ya nailoni, ambapo wino ulikataa kushika. Akachana nailoni, akaandika upya.

Matiasi Manirakiza wa Keza alifariki Jumapili.