Mjomba Wenu Asiyesali

Sikilizeni wanangu, na huo mlango uacheni wazi, moshi utoke. Mnaisikia hiyo harufu? Ni mkate wa leo, wote umeungua, kwa sababu asubuhi mmemfukuza mjomba wenu eti hasali, kisha nyote mkaenda kuniombea mimi, tanuri likabaki halina mtu. Wachamungu wazima, akili mmeziacha wapi?

Nyamaza wewe mkubwa, sijamaliza. Unasema nyumba yenye asiyeamini haina baraka. Mimi huyo shemeji yangu simpendi, na kufa hakutanibadilisha. Ana mdomo mchafu. Siku tuliyomzika mama yenu, dada yake wa damu, mimi nimeinua mikono naomba, yeye kageuka anatazama pembeni. Damu ilinichemka. Tangu siku hiyo nikawa namwomba Mungu amwondoe machoni pangu, na kila alfajiri nikimkuta kaamka kabla yangu, mzima, anapiga mluzi, anakanda unga. Pumzi hiyo alikuwa anapewa na nani? Si mimi. Ningekuwa nagawa mimi, angekwisha zamani, na nyinyi wawili mngefuata, maana kusali mnasali, lakini kazi hamuiwezi.

Ndivyo nilivyoelewa, tena kwa hasira, kwamba Mungu hakuniomba ushauri. Kama anamsubiri yeye atubu, au anatupima sisi kupitia kwake, hiyo ni siri yake. Ila unga ukishaumuka haungoji mtu amalize sala, na miaka yote tulipokwenda kusali, aliyebaki mbele ya moto ni yeye, tukirudi mkate uko tayari. Mlidhani ule utulivu wetu wa kusali ulitoka wapi?

Tanuri ni lako mkubwa, duka la mbele ni la dada yako. Chumba cha nyuma ya tanuri ni cha mjomba wenu mpaka afe, na hilo kufuli mlilotia asubuhi livunjwe leo hii. Atakayemtoa, radhi yangu hana. Nimesema.

Maji... kidogo tu. Inatosha. Mwiteni. Yuko hapo nje, namsikia anakohoa. Asimame pamoja nanyi, hapo miguuni pangu. Nitawabariki wote kwa mara moja, pumzi ya... ya mara ya pili sina. Mungu awalinde. Awape riziki... awaweke pamoja, mtake msitake. Semeni amina. Yeye asiposema... mwacheni.