Polisi wa Bandia

Basi lilikuwa likielekea kwenye maghorofa ya pembezoni mwa Paris. Mzee Slimane akamchokoza kijana asiyemjua aliyeketi kando yake. "Ile filamu waliyorekodi mtaani kwetu, mwanangu, mimi naisifu. Mnalipwa kukimbizwa na polisi wa bandia. Miaka yote mmekimbizwa bure!"

Kijana hakucheka. "Ndiyo iliyotuponza, mzee. Wale waigizaji wa polisi tuliwazoea, tukivuta nao sigara. Siku walipokuja polisi wenyewe, mwenzetu Bakary hakukimbia. Aliwapungia mkono: 'Karibuni wakubwa, leo sare zimewakaa!'"

"Wakamfanya nini?"

Kwenye kiti cha nyuma yao, Ramata, mama yake Bakary aliyemzika mwanawe majuzi, akabonyeza kengele kabla kijana hajajibu. Basi likasimama. Akashuka, na kwake bado mbali.