Kila Jumanne Anaulizwa Anajionaje

Fundi cherehani uvumilivu ulikuwa umemwishia, akammwagia yote jirani yake wa kiti kwenye treni, muuguzi asiyemjua hata kwa sura.

"Binti yangu hali chakula, dada. Miezi miwili! Gauni lake lile lile nimelibana mara tatu. Kila Jumanne nampeleka kwa mshauri nasaha, naye kazi yake kumsikiliza na kumwuliza, 'Wewe mwenyewe unajionaje?' Eti mtu ana uwezo wa kujiponya ndani yake, asihukumiwe wala asiamriwe. Si amwambie tu ale!"

"Wewe umemwambia mara ngapi?"

Fundi alishapoteza hesabu.

"Na kwa huyo mshauri, unamvuta?"

"Wapi! Anaamka kabla yangu. Ni huko tu anakofungua mdomo."

"Basi asiache kwenda. Ila mwili uliokonda hivyo hauponi kwa kusikilizwa tu. Mpeleke na hospitali, leo hii."

"Akikataa?"

"Mpeleke hivyo hivyo."

"Nimvute? Halafu akinyamaza hata huko anakoongea?"

Treni ikasimama. Muuguzi, mkoba begani, aliganda mlangoni akitafuta la kumjibu, mpaka abiria wa nyuma wakampigia kelele ashuke.