Paskazia Limbu, Aliyetembea Treni Ilipokwama

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kigwa, wageni mliotoka Sikonge na Nzega, na ninyi watani ambao fujo zenu tumeziona tangu asubuhi, familia inawaomba utulivu kidogo, kwani Mama yetu hakupenda hadithi ikatwe katikati.

Marehemu Paskazia Limbu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Kigwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Limbu na Mama Recheli, na mjukuu wa kirangozi, yaani yule mpagazi aliyetangulia mbele ya msafara kutoka Tabora hadi pwani. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akawa hodari wa hesabu na hodari zaidi wa mdomo.

Mwaka 1976 alianza kuuza karanga na asali stesheni, na sauti yake ilisikika hadi behewa la mwisho, hata warina asali wa kijiji kizima wakawa wanamwachia ndoo zao awauzie. Tarehe 18 Septemba 1982 alifunga ndoa takatifu na Mzee Adriano Ngollo, fundi wa njia ya reli, ambaye alikuja kununua karanga na hakuondoka tena, wakajaliwa watoto wanne, Valentino, Advera, Julieth na Shukrani.

Ndugu waombolezaji, mnaikumbuka Januari ya mwaka 2024, mafuriko yaliposomba tuta la reli kati yetu na mjini, na barabara ikazama mbugani. Hasara ya taifa ilisomwa redioni, madaraja kadhaa na maghala kadhaa, lakini hapa Kigwa tuliiona jikoni, chumvi ilipoadimika na sukari ikawa ya kulambishwa wagonjwa, huku asali imejaa chumbani kwa Paskazia bila mnunuzi, na watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza wamekaa nyumbani bila sare. Wakaja walanguzi kwa trekta, wakitaka ndoo nzima ya asali kwa kilo chache za sukari, na wenye ndoo walikuwa wameanza kukubali, maana mwenye njaa hachagui. Mzee Adriano aliwatuliza kwamba treni itakuja kesho, na hiyo kesho akaihubiri wiki baada ya wiki.

Hapo ndipo mtani wetu Mzee Chilongani, Mgogo wa pale stesheni, alipomkuta Paskazia ameketi anatazama reli, akamcheka mbele za watu kwamba Mnyamwezi anangoja treni, wakati babu yake ndiye aliyekuwa treni. Paskazia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka, akaingia ndani, akasokota kanga yake ikawa ngata, akajitwika ndoo ya asali na kushika njia ya mjini, mama wa miaka sitini na miwili, akiimba nyimbo za babu yake.

Vijana waliona aibu kuitwa wapagazi, lakini waliona aibu kubwa zaidi kumtazama bibi akienda peke yake, wakamfuata, na kwa kuwa hakuna aliyejua kusokota ngata, siku ile ya kwanza asali iliwamwagikia wengine hadi masikioni, nyuki wakawasindikiza. Akawafundisha. Ndoo zikavushwa mbuga kwa vichwa, ng'ambo zikapakiwa kwenye baiskeli, na Tabora mjini asali ikauzwa kwa bei yake halali, msafara ukarudi na chumvi, sukari, dawa za zahanati na sare. Watoto wote wa Kigwa waliochaguliwa mwaka ule waliingia darasani, nasi tunalisema hili kwa kifua mbele. Treni iliporudi mwezi Juni, Mzee Adriano alitangaza, "Si nilisema?" naye Paskazia hakukimbilia madirisha ya mabehewa tena, aliketi na ndoo zake, abiria wakashuka kumfuata.

Mwezi Agosti 2025 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa mjini kwa uangalifu mkubwa, hadi alipofariki tarehe 9 Januari 2026, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya ndogondogo, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wote wa stesheni. Mzee Chilongani ameziba njia ya kaburini akidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kama babu zake walivyoidai misafara ya babu zetu, ingawa tunayaona machozi yake, na familia imemwandalia kikombe cha asali, anywe, apishe.

Gari lililoletwa tunalishukuru, ila halitatumika, kwa kuwa vijana wa msafara wameomba kumbeba wenyewe. Juu ya jeneza, mahali pa shada, mnaiona ngata yake. Mama, kijiji kimevuka. Tua mzigo, upumzike kwa amani.